Injili ya Matayo katika sinema, na Gloria ya Kamina

Ndugu mmoja wa filozofia aliniuliza juzi: «Padri, mtu asiyesadiki anaweza kunifundisha kumpenda Bwana Yezu?» Aliuliza hivyo kwa sababu ya filimu tuliyoitazama Dominika jioni katika jumba la parokia, sisi watu tisa, juu ya shuka nyeupe iliyofungwa ukutani. Filimu ile ni ya Mwitalia Pier Paolo Pasolini, nayo yaitwa Il Vangelo secondo Matteo, yaani Injili ya Matayo. Ilitoka mwaka 1964. Sikumjibu upesi. Namjibu hapa, kwani nadhani wengine wengi wana swali lile lile moyoni bila kulisema.

Kwanza tumjue mtu mwenyewe. Pasolini alikuwa mshairi na mwandishi wa riwaya, mfuasi wa Marx, tena alisema wazi kwamba hana imani. Mwaka 1963 hakimu wa Roma alimhukumu kifungo cha miezi minne juu ya filimu yake fupi La ricotta, akisema imetukana dini. Basi mtu wa namna hii alifikaje kwenye Injili? Mwezi wa Oktoba 1962 alikuwa mgeni huko Assisi, katika nyumba ya Pro Civitate Christiana, chama kilichoanzishwa na Padri Giovanni Rossi. Siku zile Papa Yoane XXIII alikuja Assisi kusali, juma moja kabla ya kufungua Mtaguso. Njia zilijaa watu, naye Pasolini alibaki chumbani, akaona Injili karibu na kitanda, akamsoma Matayo toka mwanzo mpaka mwisho. Alipoondoka, filimu ilikuwa imekwisha kuzaliwa ndani yake. Baadaye aliitolea kwa ukumbusho wa Papa yule, aliyefariki mwaka 1963. Angalieni basi: walimpokea mgeni, wakaacha kitabu karibu naye. Nawasihi makatekista walifikiri jambo hilo, maana sisi mara nyingi tunapenda kusema kwanza na kupokea nyuma.

Watu wa filimu hii si wachezaji wa kazi. Yezu ni Enrique Irazoqui, kijana mwanafunzi kutoka Hispania, ambaye hajawahi kucheza sinema kabla ya hapo. Andrea ni mshairi Alfonso Gatto. Simoni ni mwandishi Enzo Siciliano. Filipo ni Giorgio Agamben, aliyejulikana baadaye kama mwanafilozofia. Maria wa Betania ni mwandishi Natalia Ginzburg. Ndio watu aliozoeana nao. Wengine ni watu wa kawaida wa Italia ya kusini, wenye uso uliochomwa na jua na meno yaliyong'oka. Tena alitaka nchi ifanane na watu. Mwaka 1963 alikwenda Palestina akitafuta mahali, akaona nchi ile imekwisha kubadilika mno; akarudi kwao, akaupata Yeruzalemu wake katika Matera, mji wa nyumba zilizochimbwa katika mwamba.

Kwa nini nataja rafiki zake hao? Kwa sababu ya kanuni ya zamani ya seminari. Wazee wetu walifundishwa kuogopa urafiki wa pekee: wawili wasitembee pamoja, afadhali watatu. Kanuni ile ilikuwa na sababu zake, nami sipendi kuicheka. Lakini ilizaa pia mapadri wengi wakavu, wanaokula peke yao, wanaosikiliza redio peke yao, na siku ya taabu hawana mlango wa kupiga hodi. Filimu hii inaonyesha Bwana akitembea na wenzake. Kweli anatembea upesi, yuko mbele, anasema nao akigeuza kichwa nyuma, nao wanakimbia karibu. Si urafiki wa kustarehe. Lakini ni urafiki, na siku ya mateso ndipo tunapouona thamani yake.

Tazameni hukumu mbele ya Kayafa. Pasolini hakuiweka kamera karibu na Bwana. Aliiweka nyuma, katikati ya watu, na vichwa vya watu vinatuzuia kuona vizuri. Sauti yatoka mbali. Tunatazama sawasawa na Petro na wengine waliobaki mbali. Mimi nimesoma Mateso kila Juma Takatifu miaka mingi, na sikupata kuona aibu namna ile ya kusimama nyuma. Halafu Petro anakana, anakwenda zake kando ya ukuta, analia. Mwenzetu mmoja aliinamisha kichwa hapo. Hatukumwuliza neno.

Tena neno moja la Matayo mwenyewe. Ni Yoane anayetuambia kwamba Bwana aliwaita mitume rafiki. Katika Matayo, neno hilo Bwana amwambia Yuda, usiku ule bustanini, baada ya busu. Mwenye kupenda rafiki ajue hivyo kabla ya kuanza.

Na mama. Bikira Maria wakati wa msalaba ni Susanna, mama mzazi wa Pasolini. Mwana wake mwingine, Guido, aliuawa vitani mwaka 1945. Mama huyu anapoanguka na kushikwa na wanawake, mtu aweza kusema huo si mchezo tena. Na mwaka 1975 Pier Paolo naye akauawa, huko Ostia, mama akiwa bado hai. Kwa upande wa sanaa tu, wengine watasema mama huyu analia kupita kiasi. Mimi sitasema.

Je, filimu haina makosa? Inayo. Miujiza imefanywa vibaya. Mkate unaongezeka mara moja kama kwa kiini-macho, na kutembea juu ya maji hakutushangazi hata kidogo. Pasolini mwenyewe baadaye alizilaumu sehemu hizo. Hotuba ya mlimani ni uso tu, nyuma yake mwanga unageuka, usiku, umeme wa mvua: neno baada ya neno bila pumziko. Mwenye kuchoka hapo hana dhambi. Tena Kristu huyu ana hasira nyingi na furaha haba. Karibu na watoto tu anatabasamu. Hata hivyo Eklezya haikuikataa: shirika la Kikatoliki la sinema, OCIC, liliipa tuzo mwaka 1964, na mwaka 1995 Vatikano iliiweka kati ya filimu 45 ilizozisifu.

Nimebakiza jambo linalotuhusu sisi. Pasolini alichukua muziki wa Bach na Mozart, na wimbo wa watu weusi wa Marekani. Lakini jiwe la kaburi linapoanguka, na watu wanapokimbia kumwona Mfufuka, ni ngoma na sauti za Katanga zinazopaa: Gloria ya Missa Luba. Misa ile iliundwa Kamina na watoto na walimu wao pamoja na Padri Guido Haazen, Mfransiskani, Kilatini cha Eklezya kikiwekwa juu ya nyimbo za kwetu. Hawakuiandika kwanza kwa noti. Waliipata kwa kuimba pamoja, mmoja akianza, wengine wakiitika. Mwaka 1958 walikwenda kuiimba Ulaya. Mtu asiyesadiki, alipotafuta sauti ya Ufufuko, aliikuta hapo.

Kati yetu tisa alikuwa katekista mmoja mzee. Gloria ilipoanza alisimama, akaitika kwa sauti kubwa mpaka mwisho, na vijana walimtazama yeye kuliko shuka. Kisha akaketi, akauliza kama chai ingaliko.

Ndugu wa filozofia ameomba tuitazame tena. Nimekubali, kwa Dominika ya pili ya mwezi ujao, saa kumi na mbili jioni. Safari hii tutasoma kwanza sura ya 26 na ya 27 za Matayo, na kila mmoja alete rafiki mmoja, hata asiyesali.