Watu wa Maabara

Siku ya kliniki ya kisukari mgonjwa humshukuru daktari na kumuaga nesi. Aliyepima damu yake hamjui. Huenda amemwona kupitia kidirisha cha majibu tu.

Huyo ndiye anayekimbizana na saa. Damu ikikaa kwenye tyubu bila kutenganishwa, seli huendelea kula sukari, na kila saa kiwango hushuka kwa takriban asilimia 5 hadi 7. Ikitikiswa ovyo, seli hupasuka, potasiamu ikapanda kwa uongo. Sampuli hiyo lazima aikatae, na lawama za mgonjwa kuchomwa sindano mara ya pili zinamwangukia yeye.

Kipimo cha HbA1c hueleza sukari ya miezi 2 hadi 3 iliyopita, hata kwa aliyejinyima wali juzi na jana tu. Lakini kwa mwenye selimundu kinaweza kudanganya, kwa hiyo mpimaji makini huitilia shaka hata namba inayopendeza. Albumini kwenye mkojo nayo hufichua figo inayoanza kuharibika kabla miguu haijavimba.

Asubuhi mpimaji huyo hupima kwanza sampuli ambayo majibu yake yanajulikana. Mashine ikikosea, hatoi jibu la mtu yeyote, foleni ilalamike itakavyo.