Ngoma Iliyomo Kandani

Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipoiunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, ngoma zetu zilipewa heshima ambayo serikali ya kikoloni haikupata kuzipa. Mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo huitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Miaka hiyohiyo ya 1980 ndiyo iliyotuenezea kamera na deki za video. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, bali Bara tulingoja hadi mwaka 1994. Kwa hiyo video za ngoma za Bara za kipindi kile hazikupigwa kwa ajili ya kituo chochote cha nyumbani. Zilipigwa na walimu, watafiti na wapiga picha za harusi, kisha zikafungiwa makabatini.

Kanda hizo zinakufa. Picha imo katika unga wa chuma uliogandishwa kwa gundi juu ya utepe wa plastiki, na gundi hiyo hunywa unyevu. Mtu asiyejua hewa ya Bagamoyo na aitazame misumari ya milango ya kale. Ukungu huota, gundi hulainika, na kila kanda ipitapo katika deki huacha kidogo cha unga wake. Deki nazo zinatoweka: kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuziunda za VHS, iliacha mwaka 2016. Ndiyo maana UNESCO, mwaka 2019, ilitoa tahadhari kwa dunia nzima kuhusu kanda za sumaku. Basi hapana ubishi kwamba picha hizi sharti zihamishiwe katika kompyuta. Ubishi wangu ni juu ya namna zinavyohamishwa.

Waliozitoa tenzi za kale katika hati za Kiarabu na kuzitia katika hati za Kirumi walijua kwamba kunakili ni kufasiri. Palipokuwa na herufi moja yenye kusomeka kwa sauti mbili, mnakili mwaminifu alichagua, kisha akatuambia kwamba amechagua. Mnakili wa kanda naye huchagua kila dakika, lakini aghalabu hasemi, na pengine hajui.

Hapa Chalinze, penye njia panda ya Morogoro na Tanga, nilionyeshwa nakala ya mdundiko. Wachezaji walikuwa wanene kupita kiasi. Kanda za zamani zina picha ambayo upana wake ni nne kwa kimo cha tatu, naye fundi aliivuta ijae katika kioo cha kisasa cha kumi na sita kwa tisa. Maana yake kila mwili uliongezwa theluthi moja ya upana. Mwingine badala ya kuvuta hukata juu na chini. Huyo ndiye mbaya zaidi, kwa kuwa anachokikata chini ni miguu, na ngoma ikikosa miguu imebaki nini?

Lakini kasoro iliyonisumbua zaidi ilikuwa ya majira. Mkono wa mpigaji ulishuka kabla ya mlio kusikika. Kanda iliyochakaa hutoa ishara yenye kuyumba. Kompyuta ikishindwa kuifuata huangusha picha mojamoja, na sauti huendelea na safari yake peke yake. Baada ya nusu saa, sauti na mkono ni wageni wawili. Mwanafunzi atakayejifunza kupiga ngoma kwa nakala ile atajifunza ngoma isiyopata kuwako. Tiba ipo: kifaa cha kusawazisha majira ya mistari, kiwekwacho kati ya deki na kompyuta.

Liko na jambo la hila zaidi. Mtindo wa PAL, ambao ndio tuliokuwa tukiutumia nchini, hutoa picha 25 kwa sekunde, na kila picha ni nusu mbili: moja ya mistari witiri, nyingine ya mistari shufwa, zilizonaswa kwa kupishana. Hivyo jicho hupewa nyakati 50 za mwendo katika kila sekunde. Fundi mwenye haraka, akitaka picha isiwe na meno pembeni, hutupa nusu moja. Katika hotuba ya mgeni rasmi hasara hiyo haionekani. Katika kisigino chenye njuga, au kiganja juu ya ngozi, kilichotupwa ndicho hasa tulichokuwa tukikitafuta. Nakala ya kutunza na ihifadhi nusu zote mbili, bila kubanwa mno. Kwa mtindo wa DV saa moja huchukua gigabaiti 13 hivi, mzigo ambao kompyuta za leo hauzilemei. Usafishaji wa sauti ungoje vilevile, maana mashine idhaniayo kwamba kila mchakacho ni uchafu hufuta pamoja nao kayamba.

Wako wasemao kwamba nakala mbovu ni afadhali kuliko kukosa kabisa. Nakubali, ila kwa sharti moja: kanda yenyewe isitupwe. Nimeona zikitupwa siku ileile ya kunakiliwa, pamoja na majalada yaliyoandikwa kwa kalamu jina la kijiji, tarehe na jina la manju. Kompyuta haiwezi kuyabuni maneno hayo.

Na kanda za unyago je? Katika nchi ya Wakwere na Wazaramo yako mafunzo ya mwali ambayo hayakukusudiwa macho ya kila mtu. Kanda moja kabatini ilikuwa na mlinzi, yaani mwenye ufunguo. Faili la kompyuta huweza kufika Tanga kabla fundi hajazima deki. Simwungi mkono mwalimu anayetaka zote ziwekwe wazi kwa jina la elimu, wala anayetaka zichomwe. Zinakiliwe kwa uangalifu uleule, na makungwi wa mahali zilipopigwa waitwe wazitazame kwanza, waseme lipi la darasani na lipi la ndani.