Pongezi kwa Wanaoipima Pumzi

Kwa miaka mingi, mgonjwa wa saratani kutoka Kibenga, Burundi, aliyeandikiwa tiba ya mionzi amelazimika kuvuka mpaka, kwa mfano kwenda hospitali ya Kanombe mjini Kigali, ambako huduma hiyo ilianza 2019, au ile ya Ocean Road, Dar es Salaam. Mawazo yake yote yako kwenye mashine. Mimi namsifu mtaalamu anayemtazama kwanza anavyopumua.

Maana tumbo halitulii. Ukivuta pumzi, msuli wa kiwambo hushuka na kulisukuma ini chini, mara nyingi sentimita 1 hadi 2; kongosho na figo nazo husogea. Picha ya CT ya kupangia tiba, ikipigwa bila kujali hilo, huweza kuonyesha uvimbe mahali ambapo haukai. Mionzi ikiifuata, inaweza kuikosa saratani na kuuchoma utumbo.

Basi mtaalamu hana pupa. Huweka kijisanduku chenye alama juu ya tumbo, kamera ikifuate kinavyopanda na kushuka, na kompyuta huigawa pumzi moja katika hatua, kwa kawaida 10, kila hatua na picha yake. Pengine hufunga mkanda wa kubana tumbo. Pengine humfundisha mgonjwa: vuta, toa, sasa zuia. Sekunde 15, 20, kisha tena, mpaka azoee. Mwenye maumivu na hofu haliwezi hilo kwa kukemewa. Huliweza akielezwa taratibu, kwa lugha anayoielewa, kwamba akishindwa aachie tu, wataanza upya. Kwa subira hiyo eneo la kupigwa mionzi hupungua, na utumbo ulio mzima husalimika. Hongereni sana.