Wepesi wa Viungo na Madaha: Kivumishi "lithe" na Tafsiri ya Utendi wa Mwindo

Makala haya yanahakiki mwelekeo wa kukifasiri kivumishi cha Kiingereza "lithe" kwa neno "madaha", hasa panapohusika utendi wa Mwindo wa Wanyanga wa Walikale.

Katika Kiingereza cha Kale neno hili lilimaanisha upole na ulaini. Ndugu yake katika Kijerumani ni "lind", lililohifadhi nazali iliyodondoka katika Kiingereza kabla ya kikwamizo; katika Kilatini ni "lentus", yaani chenye kupindika, tena cha polepole. Maana ya wepesi wa kupinda mwili ilifuata baadaye, na ndiyo iliyozaa "lithesome", kisha "lissom". Kiini chake, basi, ni sifa ya kitu chenyewe: ufito mbichi hupindika bila kukusudia kutazamwa.

Madaha ni jambo jingine. Mwenye madaha anajua kuwa anatazamwa. Neno hili husifu, lakini linapakana na maringo, na maringo ni lawama.

Tofauti hii ina uzito. Utendi wa Mwindo ulisimuliwa na Candi Rureke mwaka 1956, ukachapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969 kwa Kinyanga na Kiingereza. Mwendo umo katika jina la sifa la shujaa: Kabutwa-kenda, aliyetembea mara tu alipozaliwa, ambamo msomaji wa Kiswahili hutambua kitenzi "-enda". Mwindo hucheza akiwa na conga, mgwisho wake. Lakini pia hujigamba. Na baada ya kumwua joka, Nkuba, bwana wa radi, humpandisha mbinguni kumrudi. Hushuka akiwa mtawala mwenye kiasi.

Mfasiri akitia madaha katika kila mchezo wa Mwindo, hatia itatangulia kosa. Msomaji wa Masisi au Walikale ataona kiburi hata panaposifiwa viungo tu, na funzo la mbinguni litapoteza nguvu. "-nyumbufu" ni sahihi, ila hunukia maabara. "Mwenye viungo vyepesi" linafaa zaidi. Madaha yabakie pale matini yanapodai kutazamwa.

Hata hivyo, kivumishi chochote cha Kiingereza katika utendi huu ni tafsiri tayari. Kinyanga, kama Kiswahili, ni lugha ya Kibantu, na matini yake yamechapishwa. Hapo ndipo mfasiri anapaswa kuanzia.