Sarafu Chini ya Mzungu wa Nne

Wasomaji wa kurasa hizi wamezoea kukuta istilahi za sheria, za kilimo na za benki. Si aghalabu kukuta za mchezo, na huenda wako watakaosema kwamba karata ni jambo la kijiweni lisilostahili wino wa wanaistilahi. Sisi hatukubaliani nao, na sababu yetu tuliipata katika maonyesho mawili ya mazingaombwe ya kuchekesha tuliyoyatazama mkoani Pwani, moja Kibaha na jingine Kisarawe.

Mchezo wenyewe ulikuwa mmoja, ule alioupa sifa Mmarekani Al Schneider kwa jina la Matrix. Sarafu nne huwekwa katika pembe nne za kitambaa, zikafunikwa kwa karata nne, kisha huhama moja baada ya nyingine hata zote zikakutwa chini ya karata moja. Kwa wepesi wa mikono, kijana wa Kibaha alimpita mwenzake wa Kisarawe, tena kwa mbali. Lakini maneno yake yote yalikuwa “magiki”, “triki” na “kingi”, na hadhira ilimtazama kimya kama inayosikiliza tangazo la kituo cha mabasi. Alipoona kimya kimezidi akatamka, kwa mzaha, kwamba huo ni uchawi aliorithi kwa babu yake. Mama mmoja akamshika mwanawe mkono akaondoka. Muuza mihogo, ambaye sarafu yake ya shilingi 200 ndiyo iliyotumika, alikataa kurudishiwa. “Hiyo sitaki, mwanangu. Nipe nyingine.” Alichohofia ni chuma ulete, yaani fedha iliyorogwa ambayo, ikiingia katika mapato ya mfanyabiashara, huaminiwa kuondoka na fedha zake nyingine zote.

Si vema kumcheka mama yule. Sheria ya uchawi ya mwaka 1928 ingali katika vitabu vyetu, Sura ya 18, na wako wazee nchini waliouawa kwa kushukiwa tu. Kosa tunalitupa kwa kijana, na kwa sehemu kwetu sisi watunga kamusi, ambao chini ya neno moja la Kiingereza tumezoea kuweka uchawi na kiinimacho bega kwa bega, kana kwamba msomaji atajichagulia. Kiinimacho ni neno aminifu: lenyewe lakiri kuwa kilichodanganywa ni jicho. Uchawi haukiri hivyo.

Kisarawe mambo yalikuwa mengine. Mchezaji, mtu wa makamo, alimwamkia mzee aliyeketi mbele, akamwomba sarafu, akaifunika kwa karata ya mfalme.

“Shikamoo mzee. Hapa chini ya mzungu wa nne pana nini?”

“Marahaba. Pana shilingi 200 zangu.”

Karata ikafunuliwa, pakawa patupu. “Basi mzee wangu, mzungu kaondoka nazo.”

“Tangu 1961?” akauliza mzee, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Sarafu ilipatikana chini ya garasa, karata isiyo na thamani, na hapo watu wakacheka mara ya pili.

Mzaha huo hauwezi kufanywa kwa “kingi”. Katika karata za pwani picha huitwa wazungu: mzungu wa nne ni mfalme, mzungu wa tatu ni ghulamu, mzungu wa pili ni bibi. Ajabu ya bibi kuwa chini ya ghulamu hueleweka tukikumbuka Wareno, ambao katika michezo yao ya bisca na sueca mfalme huhesabiwa nne, ghulamu tatu, bibi mbili. Karata yenyewe, kopa, uru, shupaza, pao na turufu ni maneno yaliyotoka kwao. Na katika Kiswahili mzungu, wingi wake mizungu, ni pia hila au ujanja wa kushangaza. Mchezaji wa Kisarawe alikuwa na maana tatu kiganjani, na sarafu moja.

Tutaambiwa kuwa vijana hawayajui maneno haya. Ni kweli kwamba wanafunzi waliosimama nyuma yetu walichelewa kucheka, na mchezaji naye alikosea aliposimama kuwaeleza kirefu, maana mzaha ukielezwa hufa. Lakini vijana hao hao husikia kila siku kwamba mwanasiasa fulani amezichanga karata zake vizuri, kwamba fulani ni turufu ya chama na mwenzake ni garasa. Maneno yamehamia siasani, na mezani yakaacha nafasi kwa “kingi”.

Kwa hiyo hatuoni haja ya kubuni mengi. Mizungu tungependa kuipendekeza kwa michezo yenyewe, ila katika unyago neno hilo ni la mafunzo ya siri, na katika nchi ya Wazaramo si uungwana kulileta jukwaani ovyo. Kiinimacho na kitoshe. Kumvuta mtazamaji aangalie kwingine ni kuzuga, neno lililokwisha kukomaa mitaani. Kumfanya achague karata uliyomkusudia huku akidhani kachagua mwenyewe tungekuita kumbambika karata, kama watu wanavyobambikwa kesi.

Limebaki tendo la kuficha sarafu katika kiganja kionekanacho kuwa wazi. Kufumbata hakufai, kwa kuwa mkono uliofumbata hujulikana umefumbata. Kwa sasa tunaandika “kubana kiganjani”, bila kuridhika, na wasomaji wetu wa Maneromango au Mlandizi wenye neno jema zaidi tunawaomba watuandikie.