Azimio Lisilo na Mdhamini: Maoni juu ya Tangazo la John Perry Barlow

Ni maandishi machache ya zama hizi yaliyosifiwa sana na kuhakikiwa kidogo kama tangazo fupi alilolitoa Mmarekani John Perry Barlow mjini Davos, Uswisi, tarehe 8 Februari 1996, la kudai uhuru wa ulimwengu wa intaneti. Kabla ya kuwa mtetezi wa haki za watumiaji wa kompyuta, Barlow alikuwa mtunzi wa maneno ya nyimbo za kundi la Grateful Dead, na ushairi haukumtoka alipoingia katika siasa. Makala haya yanakusudia kulichunguza tangazo hilo kama kazi ya lugha, kwani imani iliyomo ndani yake, kwamba intaneti kwa maumbile yake ni chombo cha uhuru na demokrasia, ingali inarudiwa na watu wasiojua ilikotoka. Naona imani hiyo ina kasoro, na kwamba kasoro hiyo yaonekana katika sarufi kabla ya kuonekana katika matukio.

Tuanze na nafsi. Tangazo zima limejengwa juu ya mvutano wa "sisi" na "ninyi". "Ninyi" wanajulikana: ni serikali za nchi zenye viwanda, nazo zaamriwa ziondoke. "Sisi" ni akina nani? Hatuambiwi. Mwandishi anakiri, tena kwa fahari, kwamba hao anaowasemea hawana serikali waliyoichagua, na hawaelekei kuwa nayo. Hapa msomaji makini hana budi kusita. Mtu mmoja, katika mji wanakokutania matajiri na wakuu wa dunia, anasema kwa niaba ya watu wasiomtuma, halafu kutotumwa kwake kunahesabiwa kuwa ndio uhuru wenyewe.

Msomaji wa Kiswahili ana kipimo chake cha maandishi ya namna hii, maana neno "azimio" halitamkwi kwetu bila kukumbusha Azimio la Arusha la mwaka 1967. Azimio lile lilikuwa na chama kilicholipitisha, na lilikuwa na masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Kama lilifaulu au halikufaulu ni mjadala mwingine. Ninalotaka kusema ni kwamba lilimfunga mtu fulani, na mtu huyo aliweza kuulizwa. Tangazo la Barlow halimfungi yeyote kati ya "sisi". Mwenye mitambo, mwenye kampuni, na mtumiaji aliyekaa mbele ya kompyuta ya kuazima, wote wamo katika kiwakilishi kimoja.

Historia nayo inapindwa. Mwandishi anadai kwamba serikali hazina mkono katika kuujenga ulimwengu huo, ilhali mfumo wa ARPANET, mzazi wa intaneti, ulianza mwaka 1969 kwa fedha za Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Hata kisa kilichomkasirisha chatufunza kinyume cha alivyotaka. Siku ile ile ya Februari, Rais Clinton alitia saini sheria ya mawasiliano iliyokuwa na vifungu vya kuzuia maandishi yaliyoitwa machafu. Vifungu hivyo viliondolewa mwaka 1997, na walioviondoa ni majaji wa Mahakama ya Juu, yaani kiungo cha dola, kwa kuifuata katiba. Uhuru uliokolewa na taasisi ya wale walioambiwa waondoke.

Yafaa pia tulitazame neno letu wenyewe. Barlow alitumia jina linalodokeza anga tupu, mahali pasipo mwili wala mpaka. Kiswahili kimechagua "mtandao", kutokana na kitenzi "tanda", na kwa bahati njema kimekuwa mkweli zaidi. Wingu hutanda, na utando wa buibui hutanda pia, lakini utando una nyuzi, nyuzi zina mahali zilipofungwa, na buibui yumo. Nyaya za SEACOM na TEAMS zilizofika Mombasa mwaka 2009 zilipita chini ya bahari na kutokea ufukweni, mahali panapojulikana, zikiwa na wenyewe na leseni. Penye mlango pana bawabu. Mtafsiri atakayeandika "anga" atamsaidia Barlow kuuficha mlango huo.

Na mabawabu wamefanya kazi. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 2011 serikali ya Misri ilizifungia kampuni za intaneti, na huduma haikurudi hadi tarehe 2 Februari. Twaambiwa kila mara kwamba mapinduzi yale ni matunda ya mtandao. Lakini katika siku hizo za giza umati wa Cairo ulizidi kuongezeka, na Mubarak akaanguka tarehe 11. Nchini Sudan, mwezi Juni 2019, intaneti ilikatwa baada ya mauaji ya waandamanaji Khartoum, na maandamano makubwa ya tarehe 30 yaliitishwa kwa karatasi na kwa mdomo, mtaa kwa mtaa. Uganda ilikata intaneti kabla ya uchaguzi wa Januari 2021. Tena kuanzia Julai 2018 hadi 2021 ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa kila aliyetaka kuingia katika mitandao ya kijamii. Kodi hiyo haikuhitaji askari hata mmoja.

Evgeny Morozov, mzaliwa wa Belarus, alikwisha onya katika kitabu chake The Net Delusion cha mwaka 2011 kwamba watawala wa kimabavu nao wangejifunza kuutumia mtandao kwa upelelezi, propaganda na udhibiti. Wapo wanaomwona amezidisha ukali, nao wana hoja, hasa wakiitaja Kenya ya Juni 2024. Vijana waliueleza Mswada wa Fedha kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za nchi, katika video fupi, na sheria iliyozoea kukaa katika Kiingereza cha mawakili ikasomeka sokoni. Tarehe 26 Rais alitangaza kwamba hatatia saini. Kwa sisi tunaofundisha lugha, tendo lile la kutafsiri ni kubwa kuliko chombo kilichotumiwa. Lakini baada ya hapo watu walianza kutekwa, na mwishoni mwa mwaka baadhi yao walikuwa wale waliochapisha picha za kumdhihaki Rais. Aliyewatafuta hakuhangaika sana: majina yao, sura zao na maneno yao yalikuwa mle mle walimosemea.