Tarehe Sita na Tisa Oktoba: Kiswahili katika Sherehe za Uhuru na Heshima za Kijeshi nchini Uganda

Siku ya uhuru wa Uganda, 9 Oktoba, hujulikana katika nyaraka za serikali kwa jina la Kiingereza. Siku ya jeshi lake ina jina la Kiswahili. Kila Februari Jeshi la Ulinzi la Wananchi wa Uganda (UPDF) huadhimisha Tarehe Sita, kwa kumbukumbu ya 6 Februari 1981, ambapo Yoweri Museveni na kundi dogo la wapiganaji wenye bunduki 27 waliivamia kambi ya mafunzo ya Kabamba. Hata magazeti ya Kiingereza huliandika jina hilo lilivyo, bila tafsiri. Ni rahisi kulichukulia kuwa ushahidi kwamba Kiswahili kimekwisha kupata makao katika taifa hilo. Makala hii inalisoma kinyume: jina hilo linaonesha jinsi makao hayo yalivyo finyu.

Kwanza, muundo wenyewe. Katika mazungumzo ya kawaida, anayeambiwa "tarehe sita" huuliza ni ya mwezi gani. Saba Saba ya Tanzania, inayotokana na kuasisiwa kwa TANU 7 Julai 1954, hubeba siku na mwezi kwa pamoja, hata mgeni aweza kuikisia. Tarehe Sita haimwachii mgeni nafasi hiyo. Inamtaka msikilizaji awe anajua tayari, na wanaojua ni waliokuwapo au waliofunzwa na waliokuwapo. Ni jina la kambini lililotoka nje likiwa bado limevaa sare. (Saba Saba nayo ilipoingia Uganda na majeshi ya Tanzania mwaka 1979, ikawa kwa wenyeji wengi jina la mizinga ya maroketi. Neno la sherehe upande mmoja wa mpaka lilikuwa mshindo upande wa pili.)

Nishani za taifa zinaongeza uzito wa hoja hii. Miongoni mwa nishani za kijeshi imo Nishani ya Damu, ambayo jina lake ni Kiswahili hata katika maandishi ya Kiingereza. Nishani wanayotunukiwa raia waliochangia harakati za kisiasa huitwa Nalubaale, jina la Kiganda la Ziwa Victoria. Haielekei kwamba kuna aliyeketi akapanga hivyo, na ndiyo sababu mgawanyo huu unastahili kuchunguzwa: mazoea yamefanya kazi ya sera. Askari hupewa neno la Kiswahili, tena la kumwaga damu; raia hutafutiwa lugha nyingine.

Mazoea hayo yana historia chungu. Kiswahili kilikuwa lugha ya askari wa Kiafrika wa mkoloni. Mwaka 1973 Idi Amin akakitangaza kuwa lugha ya taifa kwa amri, na amri haikufuatwa na mpango wa maana wa kukifundisha. Wananchi wengi, hasa Buganda, walikisikia zaidi kwenye vizuizi vya barabarani kuliko darasani. Katika vita vya Luwero kilitumiwa na askari wa serikali na pia na wapiganaji wa msituni waliokuja kushinda. Kwa mwanakijiji, aliyemtisha na aliyemkomboa walitoa amri kwa lugha moja. Sherehe za Tarehe Sita humkumbuka wa pili tu, na udhaifu mkubwa wa lugha yake ni kutompa mwanakijiji huyo neno lolote la kusimulia.

Jambo hili si la kale. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mtoto anayeanza kujifunza hukisikia katika vyeo, katika "afande", na katika wimbo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambao ni wa kanda nzima. Kuhusu uhuru wa nchi yake mwenyewe hukisikia kwa nadra. Kenya ilichukua njia nyingine: Katiba ya 2010, hata katika matini yake ya Kiingereza, inaziita sikukuu za taifa Madaraka, Mashujaa na Jamhuri, na raia na askari hukutana humo bila kubaguliwa.

Uganda inayo siku inayofaa kuanzia. Tarehe 9 Juni huadhimishwa kumkumbuka Edidian Luttamaguzi, raia wa Kikandwa aliyeuawa mwaka 1981 kwa kukataa kufichua walipo wapiganaji. Siku yake bado huitwa rasmi kwa Kiingereza, ilhali neno "shujaa" limeingia katika taarifa za dola kama jina la operesheni ya kijeshi iliyoanza mashariki mwa Kongo Novemba 2021. Kuiita 9 Juni Siku ya Mashujaa, na kusoma kwa Kiswahili wasifu wa raia wanaotunukiwa nishani siku hiyo, hakuhitaji sheria mpya ya lugha wala walimu ambao bado hawajaajiriwa.